Sahani ya Mzee Hiram

Jumatano ile, saa sita na dakika arobaini mchana, simu ya Nerima ililia akiwa ameshika mwiko. Alikuwa mama yake, akipiga kutoka hospitali.

"Nerima."

"Mama, nakuja. Nishapakua. Natafuta tu mtu wa kunishikia kaunta—"

"Usilete chakula," mama yake akasema.

Nerima alisimama mbele ya jiko, simu sikioni, akisikiliza pumzi za mama yake mpaka laini ikakatika. Upande wa pili wa dirisha la jikoni, Hoteli ya Hiram ilikuwa imejaa kama kila siku saa hiyo. Kulikuwa na mafundi wa gereji, makarani wawili, na wanawake waliotoka Bahati na magunia yao ya karoti. Mtu mmoja alikuwa akiitisha chapati ya pili. Mwingine alikuwa akicheka.

Hoteli ilikuwa na meza nane, hatua chache kutoka stesheni ya reli ya Nakuru. Babu yake Nerima alikuja kutoka Bungoma kufanya kazi ya reli. Baba yake, Hiram Khisa, alizaliwa katika nyumba za reli, akakua akiwauzia wasafiri chai ya birika, na alipopata chumba chake mwenyewe aliandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: HOTELI YA HIRAM. KARIBU MSAFIRI. Alikaa nyuma ya kaunta hiyo miaka thelathini na mmoja. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wowote, lakini alijua mtu aliyetoka mbali anataka nini kabla hajafungua mdomo.

Juu ya meza ya jikoni kulikuwa na sahani yake ya buluu, tayari kufunikwa. Ugali, mboga ya saga iliyochemshwa na maziwa, mchuzi wa kuku, na juu ya mchuzi firigisi nne. Katika nyumba ya Mluhya firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtoto haigusi, wala mgeni hapewi hivi hivi, na mwanamke akimpakulia mwanamume firigisi amesema jambo hata kama hajafungua kinywa. Hotelini walipika kuku wanne kwa siku, na firigisi zote nne zilikuwa za Mzee Hiram, saa saba kamili, mbele ya wateja wake, bila aibu.

Nerima alikuwa bado anaitazama sahani hiyo mlango ulipofunguka.

Aliyeingia alikuwa kijana mrefu, mwembamba, amevaa suti ya michezo ya rangi ya kaki na viatu vya mbio vilivyosuguliwa vikang'aa. Alikuwa amekumbatia bahasha kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

"Niaje, madam. Samahani. Iko chakula iko tayari? Nimesimama kwa laini ya pasipoti tangu asubuhi, na gari yetu ya Mau Narok inatoka saa saba."

Nerima aligeuka kutazama masufuria, kisha sahani ya buluu. Baba yake alikuwa na neno moja ambalo wafanyakazi wote walilijua: chakula kikishapakuliwa kina mwenyewe, na mwenyewe asipokuja, mpe msafiri.

"Kaa hapo dirishani, boss," akasema. "Inakuja."

Akampelekea sahani. Kijana akanawa, akauma firigisi ya kwanza, akafumba macho.

"Madam, nani amepika hii?"

"Mimi."

"Na nani alikufundisha?"

"Baba."

"Mwambie anajua kazi."

"Nitamwambia."

Kijana alimtazama akirudi jikoni. Aliona kitambaa cha kijani alichofunga kichwani, unga kwenye aproni, na saa kubwa ya kiume iliyomlegea mkononi. Aliona jinsi alivyoubeba uso wake juu, bila tabasamu. Huyu ana maringo, akajiambia, na papo hapo akampenda kwa maringo hayo.

Alikula akamaliza, akashukuru, akakimbilia gari lake. Nerima aliendelea kupakua mpaka saa nane. Hakuna mteja hata mmoja aliyejua. Yule wa mwisho alipotoka na kijiti mdomoni, Nerima alifunga mlango, akaandika kwenye kipande cha katoni, "Tumefunga. Tutarudi," kisha akaketi kwenye kiti cha kaunta na kufunika uso kwa aproni.

*

Kijana alirudi baada ya wiki sita. Picha ya Mzee Hiram ilikuwa ukutani, juu ya kaunta, amevaa koti lake la kanisani.

"Huyo ndiye mwalimu?" akauliza.

"Ndiye."

"Ako?"

"Alituacha."

"Pole sana, aki. Lini?"

"Mwezi wa pili."

Hakumwambia siku. Angeanzia wapi? Badala yake akamuuliza anataka nini, naye akasema anataka kile alichokula siku ile.

"Hiyo hakuna."

"Nitangoja."

"Utangoja sana, boss. Kula ndengu."

Alikula ndengu. Akarudi Jumamosi akala ndengu tena. Siku ya tatu alileta gunia la viazi kutoka shamba la kwao na akaliweka mlangoni bila kuulizwa. Mama yake Nerima, Mama Nasimiyu, alitoka jikoni na kuliinua upande mmoja kupima uzito.

"Wewe ni wa nani?" akamuuliza.

"Naitwa Kiptanui, mathe. Wa Mau Narok."

"Viazi ni vya nini?"

"Ni vya... ni vya hoteli tu, mathe."

"Hoteli haijaagiza. Nerima! Wewe umeagiza kitu Mau Narok?"

"Sijaagiza," Nerima akajibu kutoka ndani, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, akacheka.

Kiptanui alikuwa mkimbiaji, lakini si wa kushinda. Alikuwa yule ambaye wanariadha humwita sungura, anayelipwa kukimbia mbele kwa kasi iliyopangwa ili washindi wamfuate, kisha hutoka kando kilomita ya thelathini, kabla ya utepe.

"Kwa hivyo hujawahi kumaliza?" Nerima alimuuliza jioni moja, wakitembea kuelekea uwanjani, yeye akiwa na gauni la maua madogo na sweta begani, upepo wa mlima Menengai ukiwapuliza vumbi machoni.

"Kazi yangu si kumaliza. Kazi yangu ni kuwafikisha."

"Mimi sipendi mtu wa kunitoka kilomita thelathini, Sungura."

"Wewe nitakumaliza, boss wangu."

"Wee! Umesemaje?"

"Namaanisha mbio! Nitamaliza mbio!"

Walicheka mpaka mzee mmoja kwenye benchi akageuka kuwatazama.

Safari ya kwanza ilikuwa Italia. Usiku wa kuamkia safari, Nerima alimpa masharti kwenye simu.

"Baada ya mbio usile kwa ile hoteli kubwa ya kujipakulia. Hicho ni chakula hakina mwenyewe. Tafuta mahali padogo, mama anapika, mzee ako kwa kaunta."

"Na menyu nisipoielewa?"

"Baba alikuwa anasema usisome menyu. Angalia mwenyewe anakula nini. Kile anakula yeye, ndicho uagize. Kisha unipigie unieleze, usiache kitu."

Akafanya hivyo. Akampigia kutoka kichochoro cha mawe, akihema kama bado yuko mbioni. Alikuwa amepata mahali pa meza tano. Bibi kizee alikuwa dirishani akisukuma unga kwa mti mrefu kama mpini wa jembe, na mumewe alimnyang'anya Kiptanui simu na kuiweka rafuni kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

"Alikunyang'anya?"

"Kabisa! Akaniletea ukanda ukanda wa unga na mchuzi wa sungura. Nerima, nimekula mwenzangu."

"Na ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu. Lakini bibi alisimama hapo juu yangu mpaka nikamaliza. Nilikukumbuka."

Uturuki alikula supu ya dengu saa kumi na mbili asubuhi kwa baba na wanawe wawili. Walimletea chai ambayo hakuiagiza, kwenye bilauri yenye kiuno, na alipotoa pesa mzee akaukunja mkono wa Kiptanui na kuurudisha mfukoni.

"Ni kama kwetu," Nerima akasema, na sauti yake ilikuwa imenyooka kwa fahari. "Baba alikuwa hivyo. Mtu akiingia na mzigo, chai ya kwanza ni bure. Watu walidhani ni ujinga."

"Si ujinga. Nimeenda mpaka Uturuki na nimekuta wanafanya kama mzee wako."

Ikawa desturi. Kila Kiptanui aliposafiri, Nerima aliegemeza simu kwenye bakuli la sukari na kumweka kwa sauti ya juu, na mafundi wa gereji wakaacha kuuliza nani ameshinda mbio. Waliuliza, "Sungura amekula wapi leo?" Maina, fundi wa breki aliyekula hapo tangu Nerima akiwa shule ya msingi, alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Kumbe dunia yote ni Hoteli ya Hiram tu."

Nerima alilipenda neno hilo. Alipanguza kaunta huku akilirudia kimoyomoyo.

*

Mwaka wa pili, mwezi wa tano, Kiptanui alikuwa Ureno, katika mji mdogo wa milimani. Alipata hoteli ya mjane mmoja anayeitwa Dona Lurdes na binti yake. Ilikuwa na vigae vya buluu ukutani na pipa mlangoni, na redio ilikuwa ikisema peke yake. Wateja walikuwa wameondoka, na mama na binti walikuwa wameketi kula. Kiptanui alifuata sheria ya Mzee Hiram. Akaelekeza kidole kwenye bakuli lao.

"Hiyo."

Wakamletea bakuli zima la firigisi, zimepikwa kwa nyanya, kitunguu saumu na jani la harufu nzuri, na mkate wa kuchovya.

Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake cha zamani. Akapiga picha, akaituma, akafuatisha ujumbe wa sauti akicheka.

"Nerima, we! Angalia! Firigisi bakuli nzima! Huku si ya mzee, huku ni ya kila mtu, watu wanatafuna tu na pombe. Ndiyo kitu rahisi zaidi kwa menyu! Sasa nyinyi Waluhya mmekuwa mkipigania nini?"

Nerima alikuwa ameegemeza simu kwenye bakuli la sukari. Hoteli nzima ilisikia. Meza ya mafundi ikaangua kicheko.

"Ngojeni," Mama Nasimiyu akasema, akiisogeza simu machoni. "Huu mkono ni wa nani?"

Kwenye ukingo wa picha kulikuwa na mkono wa mwanamke, umeshika kijiko cha kupakulia.

"Ni wa mwenye hoteli, Mama."

"Mwanamke amempakulia firigisi. Bakuli nzima. Na yeye amekula." Mama Nasimiyu akavua miwani. "Mwanangu, huyo ameoa."

Mafundi wakacheka zaidi. Nerima pia alijaribu kucheka. Lakini halikuwa jambo la mkono. Tangu ile Jumatano hakuna firigisi iliyokuwa imewekwa kwenye sahani ya hoteli hiyo. Mama yake alizitoa na kuzipeleka kwa jirani kabla sufuria haijachemka, na hawakuwa wamelizungumza. Nerima alikuwa amempa mtu mmoja tu, mara moja tu, sahani ya mwisho ya baba yake. Na mtu huyo alikuwa amesimama mbele ya hoteli yote akisema ni kitu rahisi.

Akaandika, "Kula vizuri." Akazima simu.

Kesho yake Kiptanui alipiga mara tisa. Mara ya kumi Nerima akashika.

"Boss wangu, kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa. Umesema ukweli. Ni kitu rahisi."

"Nilikuwa nacheka tu, aki."

"Najua. Endelea kucheka."

"Ni yule mama? Nerima, yule mama ana miaka sabini!"

"Kiptanui, niko na wateja."

Hakusema Sungura. Alisema Kiptanui, jina zima, kama mtu anayesoma orodha. Baada ya hapo alikuwa hapatikani.

Kiptanui alikuwa na mbio nyingine mbili huko, wiki tano. Usiku hakulala. Mwishowe, bila njia nyingine, akampigia Mama Nasimiyu.

"Mathe, ni mimi."

"Najua ni wewe. Umeandikwa hapa Sungura. Sema."

"Nerima hataki kuniongelesha. Sijui kosa langu."

"Ulisema firigisi ni kitu rahisi."

"Mathe, ilikuwa mchezo!"

"Sikia, kijana. Siku ya kwanza kuja kwetu ulikula nini?"

"Ugali. Saga. Na firigisi, zilikuwa nne."

"Tangu siku hiyo umewahi kuona firigisi kwangu?"

Akafikiri. "Hapana."

"Ile sahani ya buluu ilikuwa ya mzee wangu. Nerima alikuwa aipeleke hospitali. Mimi ndiye nilimpigia nikamwambia asilete. Dakika tano hazikuisha, wewe ukaingia."

Kiptanui alikuwa amesimama nje ya hoteli ya Dona Lurdes. Akaketi chini kwenye ngazi ya mlango.

"Mathe," akasema. "Mimi nilimwambia amwambie babake anajua kazi."

"Alimwambia. Tulipoingia kumwona siku ile, Nerima alishika mguu wake juu ya shuka akasema, 'Baba, kuna mtu wa Mau Narok anasema unajua kazi.' Ndilo neno la kwanza alilomwambia. Sasa unaelewa ulikula nini?"

"Naelewa, Mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Mama. Mama Nasimiyu alisikia. Akakata simu.

*

Alirudi mwezi wa saba, Jumatano, saa saba mchana. Alitoka uwanja wa ndege akaja moja kwa moja, begi mgongoni, uso umekauka kwa safari. Hoteli ilikuwa imejaa. Nerima alikuwa kwenye kaunta, gauni la manjano, aproni nyeupe, na saa ya baba yake, ambayo sasa ilimkaa vizuri kwa sababu alikuwa ameitoboa mkanda tundu jipya. Alimwona. Akaendelea kupakua.

"Karibu, boss," akasema, kwa sauti ya mteja. "Leo iko kuku, iko ndengu, iko matumbo."

"Matumbo hapana," Kiptanui akasema. "Lakini nimetumwa nilete dawa ya tumbo."

"Dawa ya nani?"

"Ya babako."

Maina alishusha kijiko. Nerima akamtazama Kiptanui kwa namna ambayo ingemrudisha mtu yeyote hadi uwanja wa ndege.

"Rudia."

"Usinipige kwanza, nieleze." Akafungua begi, akatoa kopo la bati lililofungwa kwa kamba. "Mama alinipigia... mimi nilimpigia Mama. Akaniambia kila kitu. Nikarudi ndani kwa yule mwenye hoteli kumweleza kwa nini nalia kwa ngazi yake. Nikaongea kwa simu, ile inayotafsiri. Nikasema, firigisi ilikuwa ya baba ya mchumba wangu, na mimi nilikula bila kujua, na sasa nimemkosea. Simu ikasema maneno yake. Yule mama akashika kifua, akaenda jikoni, akarudi na hii. Binti yake ndiye anajua Kiingereza kidogo. Akaniambia ni majani ya kuchemsha, ya tumbo la baba. Baba anywe mara mbili kwa siku mpaka apone."

Nerima aliweka mwiko chini.

"Simu ilisema nini?" Nerima akauliza polepole.

"Sijui. Nafikiri ilimwambia babako ana shida ya tumbo, na mimi nililikula."

Maina ndiye aliyeanza. Alijizuia, akashindwa, akapiga meza. Kisha Mama Nasimiyu, jikoni, akatoa sauti kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka. Nerima aliuma mdomo, akatazama kopo, akatazama picha ya baba yake ukutani na koti lake la kanisani, mtu ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote na ambaye mwanamke wa Ureno alikuwa amemtumia dawa. Akacheka. Akacheka akiwa ameshika kaunta kwa mikono miwili, na katikati ya kicheko machozi yakaja, mengi, mbele ya wateja, machozi aliyokuwa amewanyima tangu ile Jumatano.

"Hakuwa na shida ya tumbo," akasema alipoweza. "Ilikuwa moyo."

"Najua."

"Na ungemwambia hapana, ungemwambia amekufa!"

"Nilishindwa. Alikuwa ameshafunga kamba. Nikasema asante." Kiptanui akaweka kopo kwenye kaunta. "Nerima, niliita kitu chake rahisi. Nimezunguka nchi ngapi nikikutafutia hoteli kama hii, na kumbe ile ya kwanza ndiyo ilinilisha sahani ya mwenyewe, siku ya... siku hiyo. Hakuna mtu amewahi kunipa kitu kikubwa hivyo. Sikujua. Sasa najua."

Nerima alipanguza uso kwa aproni.

"Kilomita thelathini haijafika?" akauliza.

"Ilishapita zamani. Mimi niko hapa tu. Unaona natoka kando?"

"Naona umesimama kwa njia ya wateja, Sungura."

Alipolisikia jina hilo, bega lake lilishuka kama mtu aliyetua gunia. Akageukia dirisha la jikoni.

"Mama. Nina jambo la kuomba."

"Naskia," Mama Nasimiyu akasema kutoka ndani. "Hoteli yote inaskia. Lakini jambo kama hilo haliombwi na begi mgongoni. Nenda Mau Narok, uje na wazee wako. Na waje na viazi."

"Na firigisi?" Maina akapaaza sauti. "Leo atapewa?"

Mama Nasimiyu akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Apewe kama nani? Ameoa?"

*

Walioana mwezi wa kumi na mbili. Siku hiyo Mama Nasimiyu alitoa sahani ya buluu kabatini, akaipanguza mara mbili, akampakulia Kiptanui mbele ya watu wote, na wazee wa Mau Narok, ambao hawakuelewa kwa nini Waluhya wote wamesimama, wakasimama pia.

Mwaka uliofuata waandaaji wa zile mbio za milimani, waliomjua Kiptanui kwa muda, walimpa tiketi mbili badala ya moja. Nerima alivuka mpaka ambao baba yake hakuvuka. Alivaa koti zito la buluu na kitambaa chake cha kijani, na jioni baada ya mbio waliingia pamoja mlango wenye pipa.

Hakutazama menyu. Alitazama kwanza sakafu, ikawa safi. Alitazama masufuria kupitia mlango wa jikoni, yakawa yametundikwa kwa mpangilio wa ukubwa, kama ya kwao. Dona Lurdes alikuwa mfupi, amevaa nyeusi, na mkono ule wa kwenye picha ulikuwa na kovu la mafuta ya moto karibu na kidole gumba. Nerima akamwonyesha la kwake, mahali hapo hapo. Wakacheka wote wawili, bila simu.

Wakala mezani pamoja na wenye hoteli. Firigisi zilikuwa laini, mchuzi mzito, mkate wa joto.

"Unaonaje?" Kiptanui akanong'ona.

"Ni tamu. Huyu mama anajua kazi." Akachovya mkate. "Za baba ni tamu zaidi. Lakini usimtafsirie."

Kabla ya kuondoka, Dona Lurdes aliuliza jambo, na binti yake akaliandika kwenye simu na kumgeuzia Nerima. Kiswahili cha simu kilikuwa kimepinda, lakini kilieleweka. Anauliza, baba yako tumbo lake sasa vipi?

Kiptanui alifungua mdomo ili aeleze. Nerima akamshika mkono. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, ili simu isikosee tena.

"Hana maumivu tena. Anashukuru."

Dona Lurdes alisoma, akamfinya shavu, akaenda kumfungia majani mengine.

Kopo la kwanza liko kwenye rafu ya kaunta, chini ya picha. La pili limefunguliwa, na Mama Nasimiyu hunywa majani yake usiku, akisema hayana ladha. Firigisi bado haziuzwi katika Hoteli ya Hiram. Kila Jumatano zinapakuliwa zote nne kwenye sahani ya buluu, saa saba kamili, na kupelekwa meza ya dirishani. Mtu wa kwanza kuingia na mzigo ndiye hupewa. Wiki hii alikuwa mwanamke wa Ndabibi aliyekuwa akimpeleka mtoto kliniki. Alikula zote, na hakuuliza kwa nini.